Hitilafu Iliyopenda Jua

Mafundi wangu, Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mwisho kazini, niliwakabidhi funguo za karakana, kabati la vipuri, na mita moja kuukuu ya umeme ndani ya sanduku la mbao. Mmoja wenu aliuliza, akidhani sisikii, kama sanduku lile ni la kupimia mahindi. Mlitaka hotuba, nikakataa. Hotuba ni za watu waliopandishwa vyeo, na habari za vyeo vyangu hazimalizi hata kikombe cha chai. Lakini mmeniuliza miaka yote kwa nini nagombana na watu wazima kwa sababu ya neno moja kwenye kitabu cha zamu. Basi kaeni, nawaeleza. Na lile sanduku msilifungue mpaka mmalize kusoma.

Nilianza kazi kwenye kiwanda cha sabuni, bondeni hapa Kampala, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini. Nilizaliwa na kukulia kambini, ndiyo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, wakati wenzangu wengi kiwandani walikijua kama lugha ya kuamrishwa. Jina langu likapotea wiki ya kwanza, nikawa Binti Sajini. Waliniketisha kwenye kiti cha chuma mbele ya paneli ya boila, tangi la kuchemshia mvuke, wakaniambia nitazame taa mbili, ya kijani na nyekundu, na kila nusu saa niandike nilichoona. Nikajisemea, kazi gani hii ya kukodolea taa macho! Siku ya tatu shingo ilikuwa imekakamaa na nilikuwa nimeacha kucheka.

Boila hula maji kuliko ng'ombe. Maji yetu yalitoka nyumba ya pampu kule Namuwongo, karibu na reli, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kati ya pampu na paneli ilipita kebo moja nyeusi iliyopakwa lami, yenye nyuzi nne ndani. Mbili zilipeleka amri: washa, zima. Mbili zilirudisha jibu: nimewaka. Jibu likikosekana sekunde chache tu, paneli ilidhani maji yamekwisha. Taa ya kijani inazimika, kengele inalia, moto wa boila unajikata wenyewe, na sabuni inaanza kuganda kwenye mapipa. Siku hizi mna mitandao inayozungumza lugha nisizozijua, lakini shida ni ileile. Mmoja anauliza, mwingine kanyamaza, na hujui kafa au kasinzia.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Kambale, Mkongo aliyekimbia vita kwao na kupanga chumba Kansanga, nyuma ya baa. Mtu mfupi, mpole, kofia ya sufu kichwani hata jua la saa nane. Mita ile ilikuwa yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika kabla ya kunawa mikono.

"Mutoto yangu," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, "kitu yenye kufa moja kwa moja, hiyo ni rafiki. Unaikuta, unatengeneza, unaenda kula. Lakini yenye kufa na kufufuka yenyewe, hiyo njo panya. Ukiwasha taa, haiko."

"Sasa tunamkamataje?"

"Kwa kuandika. Andika saa. Andika umeona nini. Weka sahihi. Na andika mbele ya kugusa, juu ukigusa inapona, unabaki na hadithi tu. Kama haukuandika, haukuona."

Hayo ndiyo masomo yangu yote. Vyeti vilivyokuja baadaye vilikuwa mapambo.

Kisha wenye kiwanda, Wahindi, wakaamriwa kuondoka nchini pamoja na wenzao wote, na kiwanda akapewa Meja mmoja wa jeshi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuja na meza yake, akaiweka uwanjani penye kivuli ili aone nani anaingia na nani anatoka. Nami nikajifunza haraka tofauti kati ya fundi na Meja. Mashine ikisimama, fundi huuliza, "Nini?" Meja aliuliza, "Nani?"

Mwenzangu wa zamu aliitwa Wasswa, Muganda mcheshi aliyeweza kumwigiza kila mtu, hata paka wa stoo. Asubuhi moja jibu la pampu lilikatika dakika nne kisha likarudi. Wasswa akaandika kama tulivyofundishwa: saa tatu na robo, mawasiliano yamekatika, dakika nne, yamerudi yenyewe. Akatia sahihi, jina kamili. Meja akakisoma kitabu mchana. Saa kumi wanaume wawili waliovaa miwani ya jua wakaja na gari, wakamwita Wasswa kwa adabu kabisa. Alirudi baada ya siku tisa. Sikio la kushoto halikusikia tena, na paka wa stoo hakuigizwa tena. Nilipomuuliza, alisema tu, akiniita bibi kwa Kiganda, "Nyabo, andika sawa. Mimi sitaki kerere."

Tukaandika sawa. Sote wanne tuliokuwa tukipokezana zamu. Taa ikizimika na kengele ikilia, tunaipiga swichi, tunaomba Mungu, taa inarudi, tunaandika Sawa. Ukurasa mzima wa Sawa, umepangwa safi kama gwaride. Kambale alikuwa akija kila Jumatatu kukipitia kitabu, anakuna shingo chini ya kofia.

"Haikatiki tena?" ananiuliza.

"Haikatiki, Fundi."

Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni. Ilikuwa inakatika karibu kila wiki, mara mbili au tatu, nami nilikuwa naikumbuka kila mara kwa saa yake, maana kitu kinachokuogopesha hakikutoki kichwani. Lakini nilimwogopa Meja, na nilifikiri uongo wangu haumdhuru mtu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua. Ila kilio chenyewe hakikuwa cha kwangu, na hapo ndipo aibu yangu ilipo mpaka leo.

Siku ikafika. Kulikuwa na sabuni ya jeshi iliyotakiwa jioni ileile. Saa tatu asubuhi Kambale alikwenda Namuwongo kuitia pampu grisi, akasaini kwenye daftari la mlangoni. Kati ya saa tatu na saa nne mawasiliano yakakatika mara tatu, na mara ya tatu Meja mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kengele ikalia. Hakunigusa. Alinyoosha mkono akachukua kitabu, akafunua kurasa polepole, moja, moja.

"Kitabu nasema sawa, sawa, sawa," alisema, kwa kile Kiswahili cha jeshi ambacho mimi, wewe na yeye wote ni "na". "Wiki sita, sawa. Leo Mkongo nakwenda kwa pampu, boila nakufa mara tatu. Hii ni hesabu gani?"

 Wasswa alikuwa mlangoni akitazama viatu vyake.

Wakamleta Kambale mbele ya askari wawili, kofia imepotea. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya hapo, kilikuwa na mvi tupu. Wakamfungia stoo ya magadi. Meja akatazama saa yake, akasema anakwenda harusini Lubaga, atarudi saa tisa. "Nikirudi, napanda gari." Kila mtu alielewa ni nani atakayepanda. Ile gari tuliijua, na tuliijua na buti lake, mahali pa mizigo palipobeba watu.

Jamani, sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilitamani kwenda chooni nisirudi. Lakini miguu ikanipeleka mbele ya meza ya Meja, na mdomo ukasema kitu ambacho nilijua atapenda kukisikia: "Afande, niruhusu nikatafute alichoharibu."

Akanitazama. "Wewe ni binti ya sajini?"

"Ndiyo, Afande."

"Tafuta."

Nikazunguka nyuma ya stoo, penye tundu la hewa karibu na bomba la maji. Harufu ya magadi ilinichoma macho. Nikanong'ona, "Fundi, ni mimi."

"Binti Sajini." Sauti yake ilikuwa nzito, kama mtu mwenye kitu mdomoni. "Niambie. Ilikuwa inakatika hata zamani?"

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. "Ndiyo."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi. Nilikuwa naandika sawa. Fundi, nisamehe, nili..."

Nilidhani hatanisemesha tena. Kisha akauliza, "Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu mpaka saa tano. Mchana kamwe."

"Siku ya mvua?"

"Hapana. Siku za jua tu."

"Aaa." Alivuta pumzi. "Basi haiko maji. Waya mubovu inapenda mvua. Hii yetu inapenda jua. Iko kitu inafanyika asubuhi, kwenye jua, kisha inaisha. Mita yangu iko kwa kabati. Nawa mikono."

Mtu amefungwa kwenye magadi, kapigwa, kagundua kwamba mwanafunzi wake kamdanganya wiki sita, na bado anauliza saa ngapi. Nilinawa mikono palepale bombani, huku nalia.

Nilianza kuifuata kebo saa tano. Ilipita juu ya nguzo mpaka karibu na reli, mahali barabara inapokatiza. Pale ilishuka, ikafuata uzio mrefu wa mabati kwa kimo cha bega, imeshikiliwa na vyuma, mpaka kwenye kisanduku cha kuungia nyaya, ndipo ikaingia chini ya reli na kutokea Namuwongo. Nikazitazama nguzo zote. Nikausogelea ule uzio, nikapita. Nikafika nyumba ya pampu, nikapima nyuzi zote nne. Nzima kabisa, sindano imesimama pale inapotakiwa. Panya hakuwepo.

Nikaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya pampu, saa sita na nusu. Kitu kinachofanyika asubuhi, kwenye jua, kisha kinaisha. Nikajaribu kukumbuka asubuhi za jua za maisha yangu. Na mtoto wa kambi akikumbuka asubuhi ya jua anakumbuka kitu kimoja: ndoo, sabuni, na nguo za askari zimeanikwa kila mahali pa kuning'iniza.

Ndipo nilipojiuliza kuna nini kwenye ule uzio, na nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimeupita dakika chache tu zilizopita na sikuuona. Pale kwenye reli palikuwa na kizuizi cha jeshi. Baba alikuwa ametufundisha tangu utotoni: askari wa kizuizini usimtazame, ukimtazama atadhani unamhesabu. Kila mtu Kampala alipita vizuizini akitazama vidole vyake vya miguu. Mimi nilipita hivyo. Mafundi wa nyaya walipita hivyo. Kambale mwenyewe, bwana wa kuandika unachokiona, Mkongo asiye na mtu wa kumtetea, alipita pale kila wiki akitazama chini. Tulikuwa tumeikagua kebo yote isipokuwa hatua arobaini zilizo mbele ya askari.

Nilirudi. Nilipokaribia nikajilazimisha kuinua uso, na nawaambia ukweli, shingo ilikataa kama siku zile za kwanza za kazi. Mashati manne, suruali sita, na blanketi. Yote juu ya kebo yetu, yamekwisha kukauka, mepesi, yanapepea. Na askari mmoja kijana alikuwa akija na karai la pili, anakamua koti zito la mvua lililochelewa kufuliwa siku hiyo.

Nikafungua kisanduku kwa bisibisi, nikaunga mita kwenye nyuzi mbili za jibu. Sindano imesimama sawa. Koti likatua kwenye kebo, chapaa! Sindano ikaanguka mpaka chini. Upepo ukalisukuma koti, sindano ikarudi. Likatulia, ikaanguka. Skrubu mbili zilikuwa zimelegea, na kila nguo mbichi ilipoivuta kebo, nyuzi ziliachia. Nguo zikikauka, zinashika tena. Na ile sabuni iliyokuwa ikitoa povu kwenye karai ilikuwa ya kwetu, niliijua kwa rangi.

Nikakumbuka: andika mbele ya kugusa, yaani kabla. Kitabu sikuwa nacho. Nikachukua penseli, nikaandika ndani ya kifuniko cha sanduku la mita: saa, nilichoona, sababu. Ilipofika sahihi mkono ulisimama. Nikafunga kifuniko.

"Wewe!" Alikuwa koplo, mrefu, shati la ndani tu mwilini. "Kuja hapa! Nafanya nini na nguo ya jeshi?"

Kila nilichojua kuhusu nyaya kikanitoka. Kikabaki cha kambini. Nikasimama wima, mikono wazi. "Jambo, Afande. Natengeneza waya ya kiwanda ya Meja. Nguo haina kosa. Waya ndiyo mbaya, iko na lami. Naharibu yunifomu yenu."

Akavuta shati moja, akageuza kola. Mstari mweusi ulipita mgongoni kote. Uso wake ukabadilika, akanisogelea mpaka nikanusa sigara yake. "Kumbe ni nyinyi naharibu yunifomu yangu! Kila paredi mimi natukanwa juu ya hii!"

Nilidhani ndio mwisho wangu. Nikaifungua kamba niliyokuwa nimefungia mkoba wa vifaa, nikamnyooshea kwa mikono miwili. "Kamba hii safi, Afande. Nikufungie kutoka nguzo hii mpaka ile. Jua ni lilelile."

Akaitazama kamba. Akanitazama mimi. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyechoka, akamgeukia yule kijana, "Toa nguo yote! Binti nafunga kamba."

Nilifunga kamba ya nguo ya jeshi kabla ya kukaza skrubu za kiwanda. Mafundi, wakati mwingine mpangilio wa kazi ndio huo.

Meja alirudi saa tisa kasoro, ua la harusi bado kifuani. Nikamweleza kwamba skrubu mbili zimelegea kwenye kisanduku cha relini, kwamba zililegea zamani, kwamba Kambale hakuzigusa.

"Kitabu nasema sawa," alisema.

"Kitabu ni uongo, Afande. Niliandika mimi. Ilikuwa inakatika wiki zote sita. Niliogopa."

"Wewe tu?"

Wasswa alikuwa hatua tatu kutoka pale, upande wa sikio zima. "Mimi tu," nikasema. Miandiko ilikuwa minne, mtoto wa shule angeiona.

Meja hakutazama kitabu. Alikuwa na swali lingine. "Nini nalegeza skrubu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza nini, nami nilitamani angeuliza nani. "Uzito, Afande. Nguo mbichi zilianikwa juu ya kebo."

"Nguo ya nani?"

 Nikijibu, koplo na watu wake wanajua nilipo, napita kwao kila siku. Nisipojibu, gari lilikuwa pale, mlango wazi. Nikasema neno pekee la kweli nililokuwa nalo ambalo halikuwa na jina la mtu ndani yake. "Pale hatutazami, Afande. Tunapita tukitazama chini. Wote. Ndiyo maana hatukuiona."

Nzi alitua kwenye ua lake, naye hakumfukuza. Sijui alifikiri nini. Nimejiuliza maisha yangu yote na sijui. Mwishowe akanisukumia kitabu na kalamu. "Toa Mkongo. Na wewe, andika ya leo."

"Niandike nini, Afande?"

"Sawa."

Nikaandika Sawa, nikatia sahihi. Kambale alipotolewa, mkono mmoja umevimba kama mkate, aliniomba kitabu. Akasoma mstari wa siku ile. Alikifunga, akafuta jalada kwa mkono ule mzima, akaniuliza kama nilinawa kabla ya kushika mita. Nikamwambia ndiyo. "Basi baki nayo," akasema. Kabla wiki haijaisha chumba chake Kansanga kilikuwa kitupu, na wenzake wakasema amevuka mpaka kurudi kwao. Nilingoja barua. Niliingoja mpaka Meja mwenyewe akakimbia na jeshi lake lote, na hata baada ya hapo.

Sasa mnajua kwa nini nikikuta Sawa tatu mfululizo kwenye kitabu chenu napandisha sauti. Mnadhani ni ukali. Ni woga, ule wa kwenye kiti cha chuma, haujaniisha.

Haya, naweni mikono, mfungue sanduku. Ndani ya kifuniko kuna mstari wa penseli: saa saba na dakika kumi, jibu la pampu linakatika, nguo mbichi za askari juu ya kebo, kisanduku cha reli. Nafasi ya sahihi ilikaa tupu muda wote niliokuwa kazini. Alhamisi, siku moja kabla ya kuwakabidhi, nilijifungia karakana mchana kweupe, nikanawa mikono, kisha nikaijaza. Jina kamili. Msilifute.